Ringi la Saa Saba

Ringi lililia saa nne asubuhi, na ndizi zilikuwa hazijatokota.

Leokadia mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amepiga? Nani ana tumbo la fisi humu? Ndizi zangu bado mbichi, zinaniangalia tu!"

Sisi wengine tulikuwa tumeshatua vikapu, na wawili walikuwa wameshanawa. Mwili ukizoea kitu kwa miaka saba hauulizi tena. Ukisikia ringi, miguu inakwenda yenyewe kwenye sahani.

"Ma Koku," Leokadia akanigeukia, "ni wewe?"

"Mikono yangu hii hapa," nikamwambia. "Na nondo ya kupigia iko kwenye msumari wake. Nenda kaangalie."

Alikwenda akaangalia. Nondo ilikuwepo, na ringi lilikuwa limetulia kwenye waya wake, halitikisiki. Lilikuwa la gurudumu la lori la zamani, la enzi zile magari yakinywa mafuta. Shule niliyosoma mpaka darasa la nne ilipobomolewa, nililiomba, maana ndilo lililokuwa kengele yetu. Nikaja kulitundika humu Nyumba ya Mawingu, jumba lililofunika msitu mzima, kwa sababu mlangoni kila mtu huvua saa yake na vidude vyake vyote. Ukungu wa ndani huviua. Mimi husoma saa kwa mwanga wa juu unavyovuka jiwe la chemchemi. Ukifika kwenye ufa, ni saa saba, nami napiga ringi.

Basi tumesimama hivyo tukitazamana, likalia tena. Ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo. Ngo.

Lilitoka juu.

Nilipandisha macho kwenye ule mti mkubwa, unaomkumbatia mwenzake mpaka unammeza. Kwenye tawi kavu alisimama Kitinda, mmoja wa ndege wetu. Kichwa cheupe kama kimechovywa kwenye unga wa muhogo, mwili rangi ya kahawa iliyokaangwa, na zile nyuzi tatu nyeusi zikining'inia kwenye mdomo kama mikia ya panya. Alifungua kinywa mpaka nikaona koo lote, akapiga mara tatu za haraka. Akasubiri. Akapiga ya nne.

Leokadia alianza kucheka, akashika kiuno. "Jamani, tumepata karani wa chakula!"

Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nasikiliza ile ya nne. Huchelewa. Huchelewa kwa sababu bega langu la kulia liliteguka nilipoanguka kutoka kwenye mti wa kahawa nikiwa msichana, na nikipiga mara tatu linaomba kupumzika kabla sijapiga ya mwisho. Mtu mwingine yeyote angepiga nne mfululizo.

Ndege yule alikuwa amejifunza bega langu.

*

Mwanangu Rwechungura, msimamizi wetu, si mwanangu wa kuzaa, ila nilimjua akiwa anatambaa. Alikuja mbio na Mpima chini ya kwapa. Mpima ni kisanduku cheusi chenye jicho moja, na kimezibwa kikazibika, ndiyo maana kinastahimili ukungu wetu. Alikielekeza kwa Kitinda na madume wenzake watatu waliokuwa wameanza kumwitikia.

Mpima akasema kwa ile sauti yake isiyo na usingizi wala njaa: "Damu, sawa. Manyoya, sawa. Sauti, si sawa. Ufanano na sauti ya asili, nne kwa mia."

Rwechungura alikaa chini kwenye mzizi. Alikaa juu ya njia ya wale chungu wanaokata majani, wakaanza kumpanda na vipande vyao vya kijani kama watu wenye miavuli. Hata hakuwapangusa.

"Ma Koku, spika za alfajiri hazikuwa zinafanya kazi?"

"Zilifanya. Kila alfajiri zililia wimbo wenu ule wa zamani. Ndege wakazisikiliza mwaka wa kwanza, halafu wakaziacha. Spika haina mdomo, mwanangu. Haijawahi kumpa mtu chakula."

"Na wewe ukipiga ringi..."

"Nikimaliza kupiga nawapelekea viparachichi vyao. Chakula ni cha wote."

Alifunika uso kwa viganja. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nimekosa, na kosa lina ukubwa gani.

Ninyi mnaosoma pengine mnayajua haya, lakini niyaseme. Mawingu yalipopanda juu na kuacha kuigusa milima ya Kosta Rika, msitu wa kule ulikauka kwa kiu huku bado umesimama. Nchi zenye milima ya baridi zikagawana vilivyobaki, kila moja ikachukua mtoto wa kulea. Sisi wa Kamachumu tulipewa huu msitu wa mawingu. Tukapewa vyura wenye macho mekundu kama walevi, mimea inayokaa juu ya matawi na kushika maji kama kikombe, vipepeo wa buluu wakubwa kuliko kiganja. Tukapewa na mnyama mvivu mmoja tuliyemwita Katibu, kwa sababu kila jambo atalishughulikia kesho. Na mayai tisa ya ndege-kengele, yaliyotengenezwa kutokana na vipande vya ngozi vilivyogandishwa. Hawa ndio tisa pekee duniani. Majike watano hawalii. Madume wanne huchukua miaka saba kukomaa na kupata sauti.

Sasa mawingu yalikuwa yanateremshwa tena kule kwao kwa mitambo. Watoto walikuwa wanarudi nyumbani.

"Anakuja mtu wao keshokutwa," Rwechungura alisema. "Bibi mmoja. Yeye ni sikio, shahidi aliyewasikia wa kule; Mpima ni kipimo, lakini neno la shahidi ndilo la mwisho. Kanuni inasema kiumbe kirudi kama kilivyoondoka."

"Na kisiporudi hivyo?"

"Wanarudishwa kwenye mbegu."

"Sema Kiswahili, mwanangu."

Akanitazama. "Wanazimwa, Ma. Wote tisa. Tunaanza upya na mayai mengine, bila ringi."

Nilimuuliza ni mtu gani mwenye roho mbaya aliyeandika kanuni hiyo. Akasema si roho mbaya. Akanisimulia habari za vyura waliorudishwa bonde moja wakiwa wamejifunza kulia kama pampu ya maji iliyowalea. Majike wa bondeni hawakuwaelewa, msimu ukapita, mwingine ukapita, hakuna aliyezaa. Ndipo kanuni ikaandikwa.

"Kule kuna majike wa ndege hawa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi nani atawacheka?"

Alisimama, akajipangusa chungu, akatazama juu kwenye mabomba ya mvua. Kisha akasema kama mtu anayeongea na mabomba, "Mvua ikinyesha, hawalii. Sivyo? Na sauti isiposikika siku tatu, kanuni inaruhusu waende kwa damu na manyoya tu."

Gurudumu la kufungulia mvua, mimi ndiye hulizungusha.

*

Bibi Ermelinda alifika asubuhi ya Jumanne, mwembamba, ana miaka sabini na minane, na buti za mpira alizokuja nazo kutoka kwao. Hakuamini kama huku tunazo. Shingoni alikuwa na kifungo kinachotafsiri, kimezibwa kama Mpima kisiingie ukungu. Yeye akisema maneno mawili kwa sauti yake ya kukwaruza, kifungo kinatoa kumi.

"Nimefarijika mno kuwasili katika viunga hivi vyenye kupendeza," kikasema.

"Huyu mama amemeza redio?" Leokadia akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshafungua mvua tangu alfajiri. Nilimpa mwavuli, tukatembea. Mimi nilidhani nitamwonyesha msitu, kumbe ni yeye aliyenionyesha. Alisimama kwenye kila jani. Alinionyesha ua la zambarau dogo kuliko punje ya ulezi, ambalo nimepita karibu yake miaka saba nikidhani ni kuvu. Alimwona Katibu amelala na mvua inamtiririka, akamsalimia kwa jina la kijana fulani wa kijijini kwao, akacheka peke yake. Alinusa udongo. Kila baada ya hatua chache alikuwa anasimama, anainua kidole, anasikiliza.

Mvua tu.

"Huku hunyesha hivi kila siku?" kifungo kikauliza.

"Wakati mwingine," nikasema. Si uongo, lakini uongo ni jirani yake.

"Nitasubiri," akasema. "Nimesubiri miaka hamsini."

Mchana tulikaa kwenye banda, maji yakigonga bati. Na hapo mkono wangu ukafanya kitu bila kuniuliza. Kwetu mgeni akiketi unamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa na ganda lake. Hata adui yako akiketi unamsogezea. Nikamsogezea.

Alichukua tunda moja, akaligeuza. "Kahawa? Baba yangu aliilima maisha yake yote. Sisi tunaikaanga, tunaisaga, tunainywa. Ninyi mnaila?"

"Tunaitafuna. Kwa maongezi."

Alilipasua ganda kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili, zimelala zikitazamana kama pacha. Alizitazama sana, kwa vile ni mtu wa kutazama. Kisha akaweka moja mdomoni, na ya pili akaniwekea kiganjani.

Nilishtuka nikataka kumrudishia. Hakujua. Angejuaje? Kwetu watu wawili wakigawana punje mbili za tunda moja, hao si wageni tena. Enzi za mababu walizipaka damu, wakawa ndugu. Siku hizi damu haipo, lakini jambo lenyewe lipo, na bibi yangu alinifundisha kuwa ukimdanganya uliyegawana naye kahawa, tumbo lako litakushtaki.

Ningeweza kuiweka chini. Ningesema meno yangu mabovu. Lakini alikuwa ananitazama, anatafuna taratibu, uso umekunjamana kwa uchungu wa kahawa, huku ana hamu ya kujua. Nikaitia mdomoni.

Nikaitafuna mpaka ikaisha. Halafu nikainuka nikaenda kulizungusha gurudumu.

Mvua ikakatika. Rwechungura alikuwa kwenye ngazi, akanitazama kama nimemchoma mkuki. "Ma Koku!"

"Nimekula kahawa na huyu mama," nikamwambia.

Yeye ni Mhaya. Akashuka akaenda kumchukua Mpima.

*

Matone ya mwisho yalidondoka kutoka jani hadi jani. Vyura wakaanza. Mimi na Bibi Ermelinda tulisimama chini ya mti unaommeza mwenzake, Mpima ameshikwa na Rwechungura, wanawake wote nyuma yetu na vikapu vyao. Nilitamani Kitinda awe amelala.

Ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo. Ngo.

Bibi Ermelinda alifunga mwavuli. Madume wengine watatu wakaitikia kutoka pembe zao, msitu mzima ukawa kama shule wakati wa kutoka. Macho yake yalijaa maji, nami sikujua ni maji ya namna gani.

"Si wenyewe," akasema mwishowe, na safari hii kifungo hakikuongeza pambo.

"Si wenyewe," nikakubali. "Ni mimi." Nikamshika mkono nikampeleka kwenye ringi, nikashika nondo, nikapiga. Tatu. Bega likaomba. Moja.

Kitinda akaitikia palepale.

Alinitazama mimi, akalitazama ringi, akamtazama ndege. "Hii ilikuwa ya nini?"

"Ya chakula."

"Chakula gani?"

Leokadia hakungoja. "Ndizi na maharage, mama. Na leo kuna senene wa kukaanga, kama tumbo lako ni jasiri."

Basi tulikula kwanza. Alikula senene watatu akisema wana ladha ya kitu ambacho hakukikumbuka, akala wengine kumi ili akikumbuke. Hakukikumbuka. Alipomaliza kuosha vidole alitoa mfukoni kisanduku kidogo, nacho kimezibwa, akacheza wimbo wa zamani, ule wa spika zetu. Mlio mmoja mkavu kama nyundo kwenye chuma, kisha filimbi nyembamba inayopanda. Mzuri, sikatai.

"Huu ulirekodiwa mlimani kwetu nikiwa na miaka kumi na minne," alisema. "Niliwabebea mabegi watu waliorekodi. Nitakwambia kinachoniuma, dada. Nikirudi na ndege wako, watoto wa kwetu watasimama msituni na kusikia kengele ya chakula cha wanawake wasiowajua. Watadhani ndivyo mlima wetu ulivyosema siku zote. Mlima utakuwa umesema uongo, na mimi ndiye nitakuwa nimeuruhusu."

Lilikuwa neno la haki. Nilimmiminia chai.

Alikunywa nusu kikombe. Kisha akaanza kutabasamu kidogo, kama mtu aliyepapasa mfuko na kukuta kitu alichokisahau. "Siku ile ya kurekodi bibi yangu alitukatalia. Alisema, mnarekodi upuuzi. Ndege wa siku hizi hawajui kuimba. Enzi zake, alisema, filimbi ilikuwa ndefu zaidi, na nyundo ilipiga mara mbili. Tulimcheka. Tulisema ni uzee."

"Hakuwa mzee?"

"Alikuwa mzee. Lakini alikuwa na masikio."

Rwechungura aliweka Mpima mezani katikati ya sahani. Jicho likawaka. "Shahidi anaombwa kujibu. Je, huyu ndiye? Ndiyo au hapana."

Bibi Ermelinda hakukigeukia kisanduku. Alinigeukia mimi. "Wewe ungejibu nini? Usinihurumie."

Nilifikiri. Nikasikia Kitinda huko juu, amesahau kuwa tumeshakula, anatuita tena.

"Nina mjukuu Dodoma," nikamwambia. "Akinisalimia Kihaya, nashika tumbo kwa kucheka. Nusu Kiswahili, nusu sijui nini, na matamshi ya kwao huko kwenye vumbi. Marehemu mama yangu angelia. Mimi mwenyewe siku nyingine nalia, kwa sababu kuna maneno nitakufa nayo, hayajapata mtu wa kuyapokea. Hilo linauma, sikudanganyi." Nikamwongezea chai. "Lakini sijawahi hata siku moja kumrudisha kwenye mbegu."

Leokadia aliguna. Rwechungura akaangalia meza.

"Je, huyu ndiye?" Mpima akarudia.

Bibi Ermelinda alivua kile kifungo cha shingoni, akakiweka kando, kana kwamba jibu lile halikuwa la redio. Akainama karibu kabisa na jicho jeusi. Akajibu kwa kinywa chake mwenyewe, neno moja fupi la kwao. Hakuna aliyetutafsiria. Lakini mwanga wa Mpima uligeuka kijani, na Rwechungura akatoka nje haraka tusimwone anafuta macho.

*

Waliondoka wote tisa siku ya Ijumaa, kwenye vizimba vilivyofunikwa kwa majani ya viparachichi. Kitinda alilia ndani ya kizimba mpaka mlangoni, na wapagazi wawili waliuliza kama kuna chakula.

Miaka minne ilipita. Bega langu lilikataa kabisa, halipandi hata kufika sikioni, nikamkabidhi Leokadia nondo. Yeye hupiga nne mfululizo, puu-puu-puu-puu, kama anayefukuza nyani. Nimemwambia asubiri kabla ya ile ya mwisho. Anasema tumbo halisubiri.

Ndipo wiki iliyopita Rwechungura akaniletea Mpima, ndani yake mna ujumbe kutoka Kosta Rika. Sauti ya Bibi Ermelinda, na kifungo chake kikimpamba kama kawaida.

"Dada mpendwa, huyu utakayemsikia si Kitinda. Ni kinda aliyezaliwa huku kwetu mlimani. Hajakomaa, anajaribu tu. Ameongeza kitu mwishoni, na hatujui amekitoa wapi. Watoto wa shule wanazunguka kila asubuhi wakigonga mageti, sufuria, ndoo na kengele ya kanisa, kutafuta anachokiiga. Mpaka sasa hakijapatikana. Wewe unasikia nini?"

Halafu upepo kwenye majani mengi. Halafu ndege, sauti bado laini, inateleza.

Ngo, ngo, ngo.

Nyuma yangu nikasikia vikapu vinatuliwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kimya kidogo. Kimya kilekile, cha urefu uleule, kwenye koo la ndege ambaye hajawahi kuniona.

Ngo.

Na baada yake, kitu kingine. Kidogo, cha kupanda, kama mlango wa mbao unaofunguliwa au kama mtu anayeuliza swali.

"Huyo ni kuku," alisema Leokadia.

"Si kuku."

"Basi ni nini?"

"Sijui," nikasema. "Mwambie Rwechungura aturudishie tusikilize tena."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelishika bega la kulia, na sijui ulilishika saa ngapi.